Daftari, Floti na Muamala: Maneno ya Hesabu katika Duka Dogo

Mwenye duka anayeanza uwakala wa pesa za simu hukutana na kitendawili siku ya kwanza. Mteja anapoweka fedha, salio la simu ya wakala hupungua. Mteja anapotoa, salio hilo huongezeka. Neno kuweka limeandikwa kwa kumtazama mteja, nalo ni sahihi kwake. Lakini mwenye duka, ambaye mtaji wake ndio ulio hatarini, hana budi kulisoma kinyume. Wengi hulizoea jambo hili baada ya wiki moja au mbili. Wachache hulizoea baada ya kupata hasara.

Katika makala haya tunakusudia kufuatilia jinsi maneno ya hesabu yalivyoingia dukani pamoja na vyombo vilivyoyaleta, na kuonyesha kwamba chombo kipya kimemfaa mfanyabiashara mdogo pale alipoweza kuisoma hesabu yake mwenyewe. Jambo hili wachumi wamelieleza kwa njia yao. Sehemu iliyo yetu ni ile ya mikataba, maelekezo na matangazo, ambayo hupitia mikononi mwa watafsiri kabla ya kumfikia muuza sukari.

Duka la pwani lilipokea vyombo vigeni zamani sana, na maneno yake yanashuhudia hivyo. Daftari limetujia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kigiriki lililomaanisha ngozi. Hawala, yaani amri ya kumlipa mtu mahali pengine, ilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, kisha ikahamia posta. Stakabadhi ina mzizi mmoja na kabidhi, na wakala ni ndugu wa wakili. Hata pesa yenyewe iliwahi kuwa sarafu halisi: tangu mwaka 1890 Wajerumani walitoa sarafu ya shaba iliyoitwa pesa, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Maneno haya yote yana sifa moja tunayoipenda: ndani ya kila moja mna mtu. Hawala inamhitaji mwaminifu wa upande wa pili, na stakabadhi haiwi stakabadhi mpaka awepo aliyekabidhi na aliyekabidhiwa.

Kompyuta ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Nchini Tanzania ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, wala haikuwa na habari na duka. Hesabu za Serikali zilihamishiwa kwenye mashine, ambayo uendeshaji wake ulitegemea sana wataalamu wa kigeni, na vipuri vyake vilihitaji fedha za kigeni. Hesabu hizo zilipovurugika, waliopaswa kuzijibia hawakuweza kuzifuata hatua kwa hatua kama walivyozifuata katika vitabu vyao vya zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wako wanaolicheka katazo hilo leo. Sisi hatulicheki. Upana wake ulizidi, na nchi ilichelewa kufundisha vijana wake. Lakini swali lililolizaa lilikuwa swali la haki, nalo ni hili: chombo kikikosea, nani kati yetu atajua kimekosea wapi?

Wakati huo na baadaye waundaji wa istilahi hawakulala. Tulipata tarakilishi, ambalo husemwa kuwa limeungwa kutokana na tarakimu na akili; tukapata ngamizi; na wasemaji wengi wakabaki na kompyuta. Katika Kenya tarakilishi bado husikika, hasa shuleni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilikuwa njema, nasi tuliofuata tuliokota mengi humo. Hata hivyo, maneno hayo yaliandaliwa kwa ajili ya meza ya ofisi, ilhali duka dogo halikuingiliwa na kompyuta ya mezani. Mashine ililifikia kwa njia ya mfukoni.

Kabla ya simu, umeme ulikuwa umekwisha kuonyesha njia. Katika miaka ya 1990 Shirika la Umeme la Tanzania lilileta mita za malipo ya kabla, na mpango huo ukaitwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Tunakiri kwamba kila tunapofundisha uundaji wa majina ya mkato hatuna mfano bora kuliko huu. Jina lenyewe ni maelekezo: kinyozi asiyejua lolote juu ya mita anajua, kwa kulitamka tu, anachotakiwa kufanya na atakachopata.

Pesa za simu zilijaribiwa Kenya mwaka 2005. Mpango huo, uliobuniwa na Vodafone pamoja na Safaricom kwa msaada wa Serikali ya Uingereza, ulikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya kurejesha mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakautumia kwa mambo ambayo hayakukusudiwa: walitumiana fedha, walilipana baina ya biashara na biashara, na wengine waliweka mauzo ya siku ili wasisafiri nayo. Waandalizi wakatazama yaliyotendeka, wakaubadili mpango, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kuwa huduma ya kutuma fedha. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania, na makampuni mengine yakafuata na huduma zao.

Linalotuvutia katika historia hii ni meza ya wakala. Juu yake palikuwa na simu, na kando ya simu palikuwa na daftari la karatasi. Kila muamala uliandikwa humo kwa mkono: tarehe, namba, kiasi, na mteja akatia sahihi. Mgeni angeweza kudhani kwamba ni woga wa watu waliochelewa. Kumbe daftari lile ndilo lililomwezesha mwenye duka kumkabili mteja mkali, au kampuni yenyewe, akiwa na ushahidi wake mwenyewe. Simu ikizimika, ikiibwa au mtandao ukikatika, hesabu ilibaki mezani. Chombo kipya hakikukiondoa cha zamani. Kiliegemezwa juu yake.

Hapa ndipo lilipozaliwa neno floti. Wakala ana mifuko miwili: fedha taslimu iliyo kwenye saraka, na fedha iliyo ndani ya simu. Mteja akiweka, taslimu huongezeka na floti hupungua. Akitoa, huwa kinyume. Jumla haibadiliki, isipokuwa kwa kamisheni. Lakini jumla kutobadilika hakumsaidii mtu aliyekwama na mfuko mmoja. Vijijini, ambako watu hupokea fedha kutoka mjini, wateja wengi hutoa, na wakala huishiwa na taslimu. Mjini wengi huweka na kutuma, na wakala huishiwa na floti. Basi wakala hulazimika kufunga safari kwenda benki au kwa wakala mkuu ili kusawazisha, na nauli ya safari hiyo, pamoja na saa za duka kufungwa, haimo katika jedwali lolote la kamisheni.

Tumewahi kuletewa kwa ukaguzi tafsiri ya mkataba wa uwakala ambamo neno hilo lilifasiriwa salio. Kwa haraka linaonekana zuri: ni la Kibantu, ni fupi, linaeleweka. Lakini salio ni kinachosalia, yaani kilichobaki baada ya matumizi, ambacho mwenyewe anaweza kukitumia apendavyo. Tulipouliza watu wa kazi tulikutana na mama mmoja mwenye duka la vyakula aliyekuwa ametia sahihi mkataba wa namna hiyo. Alihamisha sehemu kubwa ya mtaji wa unga na mafuta kuingia kwenye simu, akijua kwamba ana salio, na kwamba mzigo ukipungua atalitoa. Ulipopungua, alikuta hawezi kuigeuza fedha ile kuwa taslimu siku hiyo ila kwa kumpata mteja wa kutoa au kumfuata wakala mkuu mjini. Rafu zake zilikaa tupu siku kadhaa, na wateja wa unga wakahamia duka la jirani. Mkataba haukuwa na uongo wowote. Neno tu lilimwambia kwamba ile ni akiba, kumbe ilikuwa bidhaa, kama gunia la sukari ambalo halijauzwa.

Kwa sababu hiyo tunasimama upande wa floti. Tunajua watakaosema kwamba ni neno la kuazima, na kwamba lingeweza kuundwa jingine kutokana na kuelea. Lingeweza. Lakini mawakala wamekwisha kulitohoa, wanalinyambua na kulikopeshana kila siku, nalo kwao lina maana moja tu isiyochanganyika na nyingine. Istilahi inayomfanya mtu apoteze mtaji, hata ikiwa na asili safi namna gani, ina kasoro.

Muamala umepata bahati tofauti. Ni neno la zamani lililokuwa likitaja hasa maelewano na mwenendo wa watu wanaohusiana. Mabenki yakalibana liwe tendo moja la fedha, na simu zikalieneza hata kwa watoto. Namba ya siri nayo imeishinda nywila katika biashara, nasi hatusikitiki, kwani neno siri ni onyo linalojitosheleza. Matapeli wenyewe wanakijua Kiswahili vizuri: ule ujumbe maarufu wa “ile hela itume kwenye namba hii” umewaliza wengi kwa sababu umeandikwa kama anavyoandika ndugu.

Si kila chombo kiliingia kwa lugha ya namna hiyo. Mashine za kielektroniki za kodi zilianza mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, na tangu mwaka 2013 zikapelekwa kwa wengine walio chini yao. Upinzani ulikuwa mkubwa, na maduka yalifungwa katika miji kadhaa. Sababu kuu ilikuwa bei ya mashine, wala hatudai kwamba istilahi ingeishusha. Lakini tazama jina lililoshika: EFD, herufi tatu za Kiingereza zisizomwambia mwenye duka lolote. Yeye aliziita mashine za risiti, na pale risiti ilipofifia kwenye karatasi yake laini baada ya miezi, hakuwa na la kushika. Wanaopanga kupeleka chombo dukani wangeweza kujifunza kwa LUKU.

Tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 ilitoa somo jingine. Ilieleweka mara moja, kwa kuwa neno lilikuwa wazi mno; watu walipiga hesabu zao, wengi wakarudia taslimu, na Septemba ya mwaka huohuo Serikali ikaipunguza. Wauza duka walikuwa na usemi wao tayari: “tuma na ya kutolea.” Katika maneno manne hayo gharama ya chombo imewekwa mezani kabla ya biashara kuanza, na mpaka leo hatujaona maelekezo rasmi yaliyoieleza vizuri zaidi.

Yule mama wa duka la vyakula hakuacha uwakala. Alipunguza floti mpaka kiwango ambacho duka linaweza kukikosa kwa siku 3, akanunua daftari la mistari mipana, akaligawa kwa kalamu nyekundu. Tulipomtembelea mara ya pili alitufungulia. Safu ya kwanza imeandikwa taslimu, ya pili floti, ya tatu kamisheni, na ya nne nauli. Ya tano ni ya fedha iliyokwisha kutoka kwa mtu na haijamfikia mwingine, pale mtandao unapokwama katikati ya muamala. Katika orodha zetu tulikuwa tumeandika hapo muamala usiokamilika. Yeye ameandika hewani, nasi tumelinakili neno hilo kama tulivyolikuta, pamoja na kiasi kilichokuwa humo siku ile: shilingi 40,000.