Fagaa: uyoga wa jangwani na dawa ya macho

Huku Lusail hatujambo. Tangu niwatajie fagaa maswali hayaishi, na mmoja wenu ameomba nimtumie chupa ya maji yake kwa ajili ya jicho la mama mkubwa. Haya, najibu hapa ili msome wote.

Fagaa ni uyoga unaoota chini ya mchanga, umbo lake kama kiazi mbatata. Kwa Kiarabu cha vitabuni ni kam'a. Uyoga wetu wa kichuguu huishi na mchwa, na huu huishi na mizizi ya vijiti vidogo vya jangwani. Mvua zikiwahi, Oktoba au Novemba, basi kuanzia Januari watu huingia jangwani kuuchimba. Ule mweupe, zubaidi, bei yake usiulize!

Sheikh Jassim bin Mohammed, mwasisi wa Qatar, alikaa hapa Lusail mpaka alipofariki 1913. Wakati huo hospitali haikuwako. Jicho likiuma, watu walitumia walichorithi, na habari ya fagaa ni ya kale. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba kam'a ni katika Manna na maji yake ni ponyo la macho, Bukhari na Muslim wote wameipokea hadithi hiyo.

Sasa sikilizeni wanazuoni walivyojadiliana. Imam Nawawi, aliyefariki 1277, aliandika kwamba wakati wake alikuwapo mtu aliyepofuka, akatiwa maji hayo matupu akaona. Ibn al-Qayyim, aliyefariki 1350, alitaja rai mbalimbali: wapo waliosema yachanganywe na dawa nyingine za macho, yasitumiwe peke yake, na wapo waliosema uyoga upitishwe kwanza kwenye moto ndipo ukamuliwe. Yaani hata wao, wenye imani kamili na hadithi, waliuliza: yanatumiwaje?

Maabara nazo zimeuliza. Mwaka 2004 watafiti wa Jordan walionyesha kwamba maji ya aina moja ya fagaa, Terfezia claveryi, yanazuia bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, mmoja wa wanaoleta maambukizi ya macho. Kwa hiyo kitu kimo ndani yake, si hekaya tupu. Lakini jamani, hiyo ni bakteria kwenye kisahani. Jicho la mtu ni jambo jingine. Maji yaliyokamuliwa jikoni hubeba mchanga na vijidudu, na yakikaa chupani siku mbili tatu safarini huchacha. Tena mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, na presha ya jicho huua mshipa wa kuonea. Bakteria hawahusiki hapo, na kila siku ya kungoja chupa ni hasara.

Kwa hiyo chupa situmi. Mpelekeni mama mkubwa kwa daktari wa macho wiki hii, nauli nachangia. Fagaa yenyewe nitaleta nikija, inshallah, tuipike na wali.

Wasalaam.