Ndani ya Chupa Mna Nini?

Mgema wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Tembo likiteremshwa mnazini halichelewi kutoa povu, na wala hakuna mtu aliyelitia kitu. Chachu imo kibuyuni na imo hewani. Kazi inafanyika yenyewe. Basi, msikilizaji, wiki hii natazama mvinyo wa zabibu unaofuata njia hiyo hiyo, na jinsi wakulima walivyofikia kupigwa risasi kwa sababu ya mvinyo wa uongo.

Kusini mwa Ufaransa, katika mkoa wa Aude, upo mji mdogo uitwao Limoux. Jirani yake ni Saint-Hilaire, palipokuwa na abasia ya Wabenedikto, watawa wa kanuni ile ile inayofuatwa Peramiho na Ndanda. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1531 watawa hao waliona mvinyo wao mweupe, uliokwisha kutiwa chupani, umechacha tena na kujaa povu.

Si muujiza huo. Chachu hula sukari ya zabibu, ikatoa kilevi na gesi. Baridi kali ya Ulaya huilaza chachu kabla haijamaliza kazi. Joto likirudi huamka na kuendelea. Chupa ikiwa imezibwa, gesi haina pa kutokea. Limoux hadi leo wapo wanaotengeneza hivyo, kwa zabibu iitwayo Mauzac. Ni kinywaji chepesi, kitamu kidogo, chenye harufu ya tofaa, na kilevi chake ni pungufu ya mvinyo wa kawaida. Hunywewa kikiwa baridi.

Lakini ukweli huo wa chupani haukulindwa na watawa. Ulilindwa na wakulima wadogo.

Mwishoni mwa karne ya 19, mdudu wa filoksera aliangamiza mizabibu ya Ufaransa. Mvinyo ulipoadimika, wajanja walijifunza kuongeza maji na sukari na kuuza bado kwa jina la mvinyo. Mizabibu iliporudi, ulaghai haukuondoka. Soko likafurika, bei ikaanguka, na mkulima wa kusini akabaki na mapipa yasiyo na mnunuzi.

Tarehe 11 Machi 1907, wakulima 87 wa kijiji cha Argeliers, katika mkoa huo huo wa Aude, walitembea kwa miguu hadi Narbonne kudai haki. Kiongozi wao alikuwa Marcelin Albert, mkulima mdogo mwenye kilabu cha pombe kijijini. Kila Jumapili umati uliongezeka. Tarehe 9 Juni, mjini Montpellier, walikusanyika watu zaidi ya nusu milioni.

Waziri Mkuu Georges Clemenceau alijibu kwa askari. Juni 19 na 20, watu waliuawa kwa risasi mjini Narbonne. Askari wa Kikosi cha 17, wengi wao watoto wa wakulima hao hao, wakaasi. Albert akaenda Paris kuonana na Clemenceau, akapewa faranga 100 za nauli ya treni. Habari hiyo ilipotangazwa, wenzake wakamwona kama aliyenunuliwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sheria ya tarehe 29 Juni 1907 ilibana utiaji wa maji na sukari. Mwaka huo huo serikali ikatamka kwamba mvinyo ni kile kitokacho kwenye zabibu tu.

Swali la 1907 halijazeeka. Mwaka 2020 Ufaransa ilitambua alama ya mvinyo uliotengenezwa kiasili, na Umoja wa Ulaya unataka mvinyo uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 utaje viambato vyake. Zaidi ya karne nzima imepita tangu Narbonne!

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya Aude inatuonya kwamba kibaya kikivaa jina la kizuri, kizuri hakijiuzi tena. Iwe mvinyo, maziwa au asali, na hata kwa asiyeonja kilevi maisha yake yote, mnunuzi ana haki ya kujua anachokilipia, na mzalishaji mdogo asiyechakachua ana haki ya kulindwa.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.