Shahidi wa Kamera: Tumwamini Mhakiki kwa Kiasi Gani?

Mada ya leo imetokana na swali ambalo vijana wa Katwe, Kasese na Bwera huniuliza mara kwa mara. Kijana anataka kujipatia riziki kwa kupiga picha za harusi, za mahafali na za watalii wanaokuja kwenye Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth. Amejiwekea akiba, pengine akisaidiwa na wazazi wanaouza chumvi au kahawa. Kisha amemwona mtandaoni mtu fulani, aliyeko Marekani au Uingereza, akiisifu kamera kwa bashasha kubwa. Kijana huuliza: "Mwalimu, huyu nimwamini?"

Swali hili linaonekana kuwa la ufundi, lakini mimi naliona kuwa la historia. Mwanahistoria hushughulika na ushahidi: nani alisema, aliona nini, alikuwa wapi, na alifaidika vipi kwa kusema. Mtu anayepima kamera na kutoa hukumu ni shahidi kama mashahidi wengine. Kwa Kiswahili tunamwita mhakiki, neno linalotokana na kitenzi hakiki, yaani kuthibitisha ukweli wa jambo. Angalieni kuwa neno hilo lina undugu na haki. Tofautisheni na msifu, ambaye kazi yake ni kusifu tu.

Tuanze na ushahidi ulio karibu nasi. Mtu afikaye Ziwa Katwe hukuta magofu ya kiwanda cha chumvi. Kiwanda hicho kilijengwa na kampuni ya Kijerumani mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kusudi la kuzalisha chumvi nyingi kuliko ile inayovunwa kwa mikono katika vidimbwi vya kando ya ziwa. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Maji ya ziwa hili si maji ya chumvi ya kawaida. Yamejaa madini ya aina kadhaa, nayo yaliyatafuna mabomba ya kiwanda hadi mitambo ikasimama. Wavunaji wa chumvi, ambao kiwanda kilitarajiwa kuwaacha nyuma, bado wanaingia ziwani hadi leo.

Mnaweza kuuliza kiwanda na kamera vina uhusiano gani. Uhusiano ni huu: mtambo hausifiwi hewani, husifiwa mahali fulani na kwa kazi fulani. Wahandisi wa Kijerumani hawakuwa wajinga, wala vyuma vyao havikuwa takataka. Lakini chuma kinachodumu kwingine kilikutana na maji ya Katwe, na maji ya Katwe yakawa na neno la mwisho. Mhakiki wa kamera aliyeko London husema kweli kuhusu London. Hajapiga picha saa saba mchana juu ya chumvi nyeupe inayorudisha mwanga machoni, huku hewa ikiwa na unyevu wa chumvi unaokula viunganishi vya umeme.

Wahakiki wa vifaa vya picha walitoka wapi? Zamani mpiga picha alikuwa nusu mkemia. Alitayarisha vioo vyake mwenyewe, akavisafisha kwa dawa zake mwenyewe, kwa hiyo alikijua kifaa chake kama mvuvi anavyoujua wavu alioushona. Mambo yalibadilika mwaka 1888, wakati Mmarekani George Eastman alipoanza kuuza kamera ya Kodak. Iliuzwa kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Filamu ikiisha, mnunuzi aliirudisha kamera nzima kiwandani, akaletewa picha zake. Mtu asiyejua lolote kuhusu dawa wala vioo akawa mpiga picha. Hapo ndipo pengo lilipofunguka: watu wengi wanamiliki kifaa wasichokijua undani wake, kwa hiyo wanahitaji mtu wa kuwashauri. Majarida ya picha yalikuwapo tayari. Amateur Photographer la Uingereza lilianza mwaka 1884 na linachapishwa hadi sasa. Lakini majarida ya namna hiyo yaliendeshwa kwa fedha za matangazo, na watangazaji wakubwa walikuwa ni wale wale watengenezaji wa kamera. Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Mwaka huo huo wa 1888 ulikuwa na kisa kingine, hapa kwetu. Msafara wa Henry Morton Stanley ulikuwa ukizunguka upande wa Ziwa Albert. Tarehe 20 Aprili wenzake wawili, Jephson na daktari Parke, waliona mlima wenye theluji. Stanley hakusadiki. Tarehe 24 Mei aliuona kwa macho yake mwenyewe, na tangu hapo vitabu vingi vya Ulaya vikaandika kuwa yeye ndiye aliyeifichua Rwenzori. Wakonzo, waliokuwa wakiitazama theluji hiyo kila mawingu yalipofunguka, hawakuhesabiwa kuwa mashahidi. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu tabia ya kumsadiki aliyetoka mbali na kumpita aliye jirani haikuisha na karne ya 19.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1906, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Mtawala wa Abruzzi, alipanda Rwenzori na kufika kilele cha Margherita tarehe 18 Juni. Alikuwa na mpiga picha Vittorio Sella, mzaliwa wa Biella mwaka 1859. Baba yake Sella aliandika kitabu cha kufundisha upigaji picha mwaka 1856, basi kijana alikulia nyumbani mwa ushauri wa vifaa! Kabla ya kuja kwetu Sella alikuwa ameshabeba kamera zake katika milima ya Alps, Caucasus, Alaska na Himalaya. Ushauri wa mtu kama huyo juu ya lenzi ungekuwa na uzito, kwa kuwa aliitumia kwenye baridi, mvua na ukungu, tena kwa miaka mingi. Na kuna jambo dogo linalonifurahisha. Kitabu kikubwa cha msafara huo kiliandikwa na Filippo De Filippi, ambaye hakuwamo safarini. Alitumia kumbukumbu za wasafiri wenyewe. Kitabu ni kizuri, wala siri hiyo haikufichwa. Hatumlaumu shahidi kwa kutokuwepo, mradi atuambie kwamba hakuwepo. Siku hizi zipo video nyingi za "kamera tano bora za mwaka" ambazo mtengenezaji wake hajaishika hata moja kati ya hizo tano, naye hasemi.

Sasa nifike kwenye kisa kinachotuhusu zaidi, yaani rangi ya ngozi zetu.

Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilituma katika maabara za kusafishia picha kadi zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha hiyo. Fundi wa maabara alirekebisha rangi mpaka uso wa Shirley upendeze, kisha akasafisha picha za watu wote kwa kipimo hicho. Matokeo yake yalionekana hasa pale mtu mweusi na mtu mweupe walipopigwa picha moja: mweupe alionekana vizuri, mweusi akabaki macho na meno. Wengi wenu mna picha kama hizo katika albamu za babu na bibi, na huenda mlidhani mpiga picha hakuijua kazi. Mwaka 1977 na 1978 mwongozaji filamu Jean-Luc Godard alikuwa akifanya kazi Msumbiji kwa mwaliko wa serikali ya huko, naye akakataa kutumia filamu ya Kodak akisema ni ya kibaguzi. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alipochunguza historia hiyo alielezwa na watu wa Kodak kuwa msukumo mmoja wa kuiboresha filamu ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Hao walilalamika kuwa rangi za kahawia za mbao na za chokoleti hazitofautiani vizuri pichani. Yaani kilio cha chokoleti kilisikika mapema kuliko cha binadamu.

Fikirini juu ya wahakiki wa miaka hiyo. Aliyesema filamu fulani inatoa rangi za kweli huenda hakudanganya hata kidogo. Aliipiga familia yake, akaona mashavu ya watoto wake yametoka sawasawa, akaandika alichokiona. Kosa halikuwa uongo. Alichukua uso wake kuwa uso wa dunia nzima. Na jambo hili si la kale tu. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo Google ilipotangaza, pamoja na simu yake ya Pixel 6, kuwa imeshughulikia namna kamera zake zinavyoonyesha ngozi nyeusi. Kwa hiyo mwanafunzi anayetazama video ya kamera na aangalie ni nani amepigwa picha. Kama nyuso zote ni nyeupe, basi mhakiki hajajibu swali la harusi ya Bwera.

Tuje kwenye fedha. Mwaka 1998 Mwingereza Phil Askey alianzisha tovuti ya DPReview ya kupima kamera za dijitali. Ilipata sifa kwa sababu ilipiga picha za kitu kile kile kwa kila kamera, ili msomaji alinganishe mwenyewe. Mwaka 2007 ilinunuliwa na Amazon, duka kubwa linalouza kamera hizo hizo. Tarehe 21 Machi 2023 mwenye mali alitangaza kuifunga, na wasomaji wakaanza kuhofia kwamba kazi ya karibu miaka 25 ingepotea. Ilinusurika pale kampuni nyingine, Gear Patrol, ilipoichukua mwezi Juni. Sisemi kwamba vipimo vyake viliharibika chini ya Amazon. Wasomaji wengi waliendelea kuviheshimu, nami naona walikuwa na sababu. Nasema kwamba shahidi aliishi katika nyumba ya muuzaji, na mwenye nyumba ndiye aliyeshika ufunguo.

Wengi wa wahakiki wa leo hawalipwi mshahara. Chini ya video huwekwa kiungo cha duka. Ukikibonyeza na kununua, duka humpa mhakiki asilimia ndogo ya bei. Hulipi zaidi, na wala hakuna haramu ndani yake. Ila tazameni mfumo huo unanyamazisha nini. Mhakiki hapati senti akikwambia kamera uliyo nayo inatosha. Hapati senti ukinunua kamera iliyotumika huko Kampala. Hana sababu ya kueleza kamera ikiharibika itatengenezwa wapi. Tena kwa kuwa watazamaji hukimbilia kitu kipya, video hutoka siku ile ile kamera inapozinduliwa, baada ya siku chache za majaribio kwa kamera ya kuazimwa. Kiwanda cha Katwe nacho, siku chache za kwanza, kilikuwa na mabomba mazima.

Nchini Marekani, mwaka 2009, tume inayosimamia biashara ilitoa mwongozo kwamba anayesifu bidhaa mtandaoni aseme wazi kama amelipwa au amepewa bidhaa bure. Mwaka 2024 ikapiga marufuku tathmini za uongo zinazonunuliwa. Ni hatua njema, lakini mlinzi huyo yuko mbali na Mpondwe. Lipo pia shirika la Kimarekani la Consumer Reports, lililoanzishwa mwaka 1936, ambalo hununua vitu dukani kama mteja yeyote na halipokei matangazo. Gharama yake hulipwa na wanachama. Ushahidi usio na upande hauji bure, na sisi Waganda tuliotozwa shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018 ili tutumie mitandao ya kijamii twajua kuwa hata ule wenye upande ulikuwa na bei yake.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu wamsadiki mhakiki kwa yale yanayopimika: uzito, kasi, idadi ya picha kwa betri moja. Hesabu ya betri, kwa mfano, watengenezaji wengi huifanya kwa kanuni moja ya chama chao cha Japani kiitwacho CIPA, hivyo kamera mbili hulinganishwa kwa haki hata kama hesabu yenyewe haifanani na matumizi yako. Shangwe zake, mshangao wake, na lile neno "hutajutia", hayo nayaweka kando.

Baada ya hapo nendeni mkawaulize mashahidi wa karibu. Yuko mpiga picha wa harusi mjini Kasese ambaye ametumia kamera moja kwa miaka mingi, katika vumbi, mvua na ukumbi wenye taa moja. Mwombeni kwa heshima awaonyeshe picha za bibi harusi mweusi aliyevaa gauni jeupe, kwa kuwa hapo ndipo kamera nyingi huaibika. Muulizeni kitu gani kiliharibika kwanza, kilitengenezwa kwa shilingi ngapi, na fundi alikaa nacho siku ngapi. Kisha, kabla hamjaaga, muulizeni kama kamera hiyo anaiuza.