Ghala la Nyuma ya Nyumba



Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu mtasoma habari za hisa, za mizani, na za mikutano mikuu. Sisi wa ofisi ya katibu tumepewa kurasa hizi tuandike historia, nasi tumechagua kitu kidogo ambacho hakipigwi picha siku ya sherehe wala hakikatiwi utepe na mgeni wa heshima: ghala la mkulima, lile lisimamalo nyuma ya nyumba yake. Sababu ya uchaguzi wetu ni hii. Mkulima asiye na ghala hana siku ya kuuza. Siku yake huchaguliwa na mnunuzi, na mwenye kuchagua siku ndiye mwenye kuchagua bei.

Neno lenyewe lina mafundisho. Ghala ni neno lililotoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni mavuno, yaani kile ambacho ardhi humrudishia mlimaji. Kwetu limekuwa jina la mahali mavuno yanapowekwa, kana kwamba waliolipokea waliona kuwa mavuno yasiyo na mahali pa kukaa si mavuno bado.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya saruji na mabati. Katika sehemu nyingi za bara, karibu na nyumba palisimama kihenge: kikapu kikubwa cha fito zilizosukwa, kilichokandikwa udongo uliochanganywa na samadi, kikavikwa kofia ya nyasi iliyoweza kuinuliwa. Kihenge hakikukaa chini. Kiliwekwa juu ya mawe au juu ya miguu ya miti, ili unyevu wa ardhi usipande na upepo upite chini yake. Mahindi ya mbegu yalitundikwa darini juu ya meko, moshi wa kila siku ukiyakausha na kuwafukuza wadudu. Aliyesema kwamba akiba haiozi hakusema hivyo kwa sababu nafaka haiozi. Nafaka huoza. Alisema hivyo kwa sababu palikuwa na mtu aliyekwisha kuiinua kutoka ardhini.

Ushirika nao ulizaliwa ghalani. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale, kaskazini ya Uingereza, watu 28, baadhi yao wafuma nguo, walifungua duka katika chumba cha chini cha ghala moja la mtaa wa Toad Lane. Bidhaa zao zilikuwa chache mno: unga, siagi, sukari, mishumaa. Kilichowakusanya ni uchungu wa kununua unga uliotiwa takataka na kupimiwa kwa mizani ya uongo. Walianza kwa kukodi mahali, wakaweka humo vitu safi, wakavipima kwa haki. Vyama vingi vya ushirika vya dunia vimeiga kanuni zao.

Katika nchi yetu, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925. Sheria ya Vyama vya Ushirika ikatungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 KNCU ikaandikishwa. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipata muungano wa vyama vyao. Popote chama kilipoanzishwa, mizani na ghala vilikuwa vitu vya kwanza kutafutwa, kwa kuwa mazao yasiyokusanywa pamoja hayawezi kuuzwa pamoja. Kisha mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zao na mali zao zikahamia kwa mamlaka za mazao na mashirika mengine ya umma, hata sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Katika miaka ile ya kati mkulima alijifunza kwamba ghala kubwa la mbali laweza kupata mwenyewe mpya kwa tangazo moja. Ghala la nyuma ya nyumba yake halikutangazwa na mtu.

Lakini nalo lilikuwa na adui yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu mgeni, ambaye asili yake ni Meksiko na nchi za Marekani ya Kati, alionekana katika mkoa wa Tabora, akaenea. Huyu ndiye dumuzi. Wadudu wa zamani walikula kidogo na kuacha kingi. Dumuzi hugeuza gunzi zima la mahindi kuwa vumbi katika miezi michache, na asiposhiba hutoboa hata miti ya kihenge. Kuhifadhi mahindi na magunzi yake, kama walivyofanya wazee, kukawa hatari. Ikabidi kuyapukuchua, kuyatia dawa, na kuyaweka katika magunia. Magunia yakataka chumba, na chumba kikataka sakafu. Wengi hawakuwa na uwezo huo, wakaona ni heri kuuza upesi kabla mdudu hajala. Na biashara ya nafaka ilipofunguliwa kwa watu binafsi katika nusu ya pili ya miaka hiyo, wanunuzi waliwakuta wakulima wakiwa na haraka, wakaja na lumbesa: gunia lililoshonewa kilemba, linaloitwa moja lakini limebeba zaidi ya moja. Mwenye haraka hana nguvu ya kubishana na kilemba cha gunia.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Chama chetu kilipoanzishwa. Ili msomaji aone ni nini kilichobadilika, tutasimulia jinsi ghala moja lilivyojengwa tangu msingi. Ni ghala la mwanachama wetu, mama mjane mwenye watoto wanne. Hatumtaji jina, maana mwenyewe alituomba tuandike kazi, tusiandike mtu. Kila mwezi wa Julai aliuza mahindi yake yote kwa lumbesa, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuyaweka. Na kila Februari alinunua mahindi kwa debe, mara nyingine kwa mfanyabiashara yule yule. Aliposema mkutanoni kwamba atajenga ghala, wengine walimwambia kuwa fedha ya saruji ingefaa zaidi kwa mbolea. Akajibu kwamba mbolea bila ghala humnenepesha mnunuzi. Alijenga kwa misimu mitatu, kila msimu kwa kadiri ya mfuko wake.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa msingi. Mahali palipochaguliwa ni nyuma ya nyumba, penye mwinuko kidogo, mbali na zizi na mbali na miti ambayo panya angeweza kuifanya ngazi. Urefu wa jengo ulielekezwa mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu na chumba kisipate joto jingi. Fundi alipiga vigingi na kuvuta kamba za chumba cha futi 10 kwa 13. Ili kupata pembe mraba alipima futi 3 katika kamba moja na futi 4 katika ya pili, akazisogeza hata kipimo cha mshazari kikawa futi 5 kamili. Udongo mweusi wa juu uliondolewa wote, ukachimbwa mtaro wa kina cha futi 2 mpaka penye ardhi ngumu. Mawe yakapangwa na kushikizwa kwa saruji, yakapanda hata kuzidi uso wa ardhi kwa futi moja na nusu. Ndani kikajazwa kifusi cha moramu, tabaka baada ya tabaka, kila moja ya inchi 6, ikilowanishwa na kushindiliwa kwa gogo. Hapo fedha ikaisha. Kwa miezi mingi ghala lilikuwa jukwaa la mawe ambalo kuku walipenda kuota jua juu yake, na wapita njia walicheka. Lakini mvua za mwaka ule zilikuwa mkaguzi wa kwanza: maji yalikuja, yakazunguka, yakaenda zake, na mawe hayakutikisika.

Msimu wa pili ulianza na sakafu. Karatasi ya nailoni ilitandazwa juu ya moramu na kupita juu ya mawe, ili unyevu usipande kwa siri kama upandavyo katika utambi wa taa. Juu yake likamwagwa jamvi la zege la inchi 4, kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, likala mifuko ipatayo 8 ya saruji. Likafunikwa kwa magunia mabichi na kumwagiwa maji kwa siku 7, kwa kuwa zege likikauka upesi hupasuka, na ufa wa sakafu ni mlango wa maji. Matofali aliyafyatua na kuyachoma kwa ujima wa majirani. Kuta zikapanda kwa timazi na pima maji, lenta ikawekwa juu ya mlango, na karibu na paa yakaachwa matundu ya hewa yaliyozibwa kwa wavu wa chuma. Ndani zikapigwa lipu laini, maana kila ufa ni nyumba ya mdudu anayengoja mavuno mapya.

Msimu wa tatu ulileta kenchi, papi na mabati, upenu ukitokeza futi 2 nje ya ukuta ili mvua isiupige. Mlango ulivikwa kipande cha bati sehemu ya chini kwa ajili ya panya. Ndani, juu ya sakafu, ziliwekwa chaga za mbao, magunia yasiguse zege. Nayo yalipangwa mbali na ukuta kwa kadiri ya mtu kupita akiwa na ufagio. Nyumba hii ndogo huchukua magunia 40 bila msongamano. Atakayeitazama vizuri atamwona ndani yake mzee wa kihenge: kuinuliwa juu ya ardhi, upepo kupita, kofia ya kuzuia mvua. Vifaa vimebadilika, maarifa ni yale yale.

Hata hivyo ghala zuri haliponyi mahindi mabichi. Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo na achukue chupa kavu, atie mahindi na chumvi kavu, atikise: chumvi ikigandamana na chupa, mahindi yarudi juani. Neno hili si la bei peke yake. Mwaka 2016 sumukuvu, ambayo hutokana na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo na kufungiwa mabichi yaweza kumrudia mtoto wa mkulima mwenyewe katika sahani yake.

Julai iliyofuata, mnunuzi alipokuja na magunia yake, mama huyu alimkaribisha kiti na maji, akamwambia kwamba siku ya kuuza haijafika. Alitenga chakula cha nyumbani. Yaliyobaki aliyaleta katika Chama mwezi wa Februari, yakapimwa kwa mizani, kila gunia kilo 100 bila kilemba. Mwaka huo hakununua debe hata moja.

Wapo wanaouliza: ikiwa kila mtu ana ghala lake, chama ni cha nini? Jibu letu ni kwamba maghala haya mawili hayashindani. La nyumbani humpa mkulima uwezo wa kungoja. La chama humpa uwezo wa kuuza pamoja na wenzake. Sheria ya Stakabadhi za Ghala, ya mwaka 2005, iliongeza uwezo wa tatu: mazao yaliyowekwa katika ghala lenye leseni hupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo yaweza kuwa dhamana ya mkopo kabla mazao hayajauzwa. Wakulima wa korosho wa Mtwara waliutumia utaratibu huu tangu msimu wa 2007/2008. Lakini anayefikisha mahindi yaliyooza katika ghala la chama hapati stakabadhi ya kitu, na mahindi huoza au husalimika kwanza nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, miaka kumi ijayo tusiihesabu kwa ukubwa wa ofisi. Tuihesabu kwa idadi ya misingi iliyochimbwa nyuma ya nyumba zetu. Msimu wa kiangazi ndio msimu wa kuchimba. Ofisini kwetu ipo kalibu ya matofali, timazi na pima maji. Huazimwa kwa mwanachama yeyote bila malipo, kwa sahihi yake tu katika daftari. Aje na aandike jina lake.

Kwa niaba ya Halmashauri,
Katibu wa Chama