Chembe Kilichokazwa na Chembe Kinachochomoka: Uchaguzi wa Zana za Wawindaji wa Kilosa na Mikumi, 1850–1964

Utangulizi

Mshale hutajwa mara nyingi katika maandishi ya historia ya Afrika Mashariki, lakini aghalabu hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja. Msomaji huambiwa kuwa watu fulani walipigana kwa mikuki na wengine kwa mishale, na maelezo hukomea hapo. Kwa mwindaji mwenyewe jambo halikuwa hivyo. Podo moja lingeweza kubeba mishale ya aina mbili au tatu, na kabla ya kuvuta upote alipaswa kuwa ameshaamua ni chembe cha namna gani kinachomfaa mnyama aliye mbele yake.

Insha hii inachunguza uchaguzi huo katika nchi inayoanzia bonde la Mukondokwa, ulipo mji wa Kilosa, hadi mbuga ya Mkata na Mikumi. Hoja inayojengwa ni kwamba uchaguzi kati ya chembe kipana kilichokazwa kwenye uti na chembe chenye sumu kinachoachana na uti haukuhusu ukali wa chuma peke yake. Ulihusu mahali kifo kinapotoka: kwenye damu inayomwagika au kwenye moyo unaosimamishwa. Sheria za wanyamapori zilizoanza mwaka 1896 zilitungwa na watu ambao hawakuwa na haja ya kulijua jambo hilo, na matokeo yake yalikuwa tofauti na yale waliyoyakusudia.

Wapiga upinde wa Marekani nao wana mjadala unaofanana na huu. Wapo wanaotumia vyembe vyenye makali yasiyosogea, na wapo wanaotumia vyembe ambavyo makali yake hujikunja wakati wa kuruka na kufunguka vinapogusa mwili. Chembe kinachofunguka huruka kwa unyoofu na hukata jeraha pana, lakini sehemu ya nguvu ya mshale hutumika katika kukifungua, na kikigonga mfupa mkubwa au kikiingia kwa mshazari huweza kushindwa. Kwa hiyo hutegemea upinde wenye nguvu nyingi, hasa ule wa magurudumu ambao Holless Wilbur Allen alipewa hataza yake mwaka 1969. Kanuni iliyo chini ya mjadala huo ilikuwa ikijulikana Afrika Mashariki zamani: chembe hakichaguliwi pekee, huchaguliwa pamoja na upinde, mnyama na nchi.

Aina mbili za mauti

Chembe kilichokazwa hufungwa au huchomekwa moja kwa moja kwenye uti, na huua kwa kukata. Mnyama hufa upesi iwapo tu chembe kimepita kwenye mapafu, moyo au mshipa mkubwa. Kikimpata pajani au begani, mnyama hukimbia, uti hunasa kwenye matawi, na chembe kisicho na miba huchomoka. Huweza kupona, au kufa siku tatu baadaye mahali ambapo fisi watafika kabla ya mwindaji. Hivyo chembe hiki hudai upinde mzito, shabaha nzuri na umbali mdogo. Kwa ndege, sungura, ngedere na nguruwe wanaovamia shamba, masharti hayo hutimizwa bila taabu. Kwa nyati, pofu au tembo, ni vigumu mno.

Chembe kinachochomoka kimefuata akili nyingine, ile ile ya chusa cha wavuvi na wawindaji wa kiboko. Chuma chake ni chembamba, mara nyingi kina miba, nacho hukaa kwenye kipande kifupi cha mti kilichochomekwa mbele ya uti bila kukazwa. Mshale ukimpata mnyama, uti huanguka na chembe hubaki mwilini pamoja na sumu yake. Faida za mpango huu zinastahili kuangaliwa moja moja, kwa kuwa watu wengi huiona sumu tu. Hakuna uti wa kunasa kichakani na kukitoa chembe. Uti ulionyooshwa na kufungwa manyoya kwa kazi ya saa nyingi haupotei. Zaidi ya hayo, uti unaookotwa bila chembe chake ni habari: humwambia mwindaji kuwa hakukosa, na kwamba afuate nyayo bila haraka.

Kwamba aina hizi mbili zilikuwa chaguo, si ngazi mbili za maendeleo, huonekana wazi kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Hadi leo wao huwa na mishale yenye ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, mishale yenye chembe bapa cha chuma kisicho na sumu kwa wanyama wa kadiri, na mishale ya sumu kwa wanyama wakubwa. Mtu yule yule huitumia yote, tena katika safari moja.

Nchi ya Kilosa na watu wake

Wakaguru, Wasagara na Wavidunda walikuwa wakulima kwanza. Upinde kwao ulilinda shamba kabla ya kuleta kitoweo, na kazi ya kulinda shamba haihitaji sumu. Lakini katikati ya karne ya kumi na tisa bonde la Mukondokwa lilikuwa njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Unyanyembe. Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Misafara ilitaka pembe za ndovu. Mahitaji hayo yaliigeuza maana ya tembo, kutoka mharibifu wa mashamba na nyama ya kijiji kizima kuwa bidhaa iliyolipwa kwa nguo, baruti na magobori.

Ni katika mazingira hayo ndipo uwepo wa Wakamba unapopata uzito wake. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia aliyeandika sana juu ya Wakaguru, alichapisha mwaka 1961 andiko fupi kuhusu Wakamba wa wilaya ya Kilosa. Watu hao walikuwa mbali na Ukambani, lakini walitoka katika jamii iliyosifika kwa biashara ya pembe na kwa upinde. Mshale wa Kikamba ulioelezwa na Gerhard Lindblom mwaka 1920 ni mfano kamili wa chembe kinachochomoka: sumu imepakwa nyuma ya ncha, na juu yake umezungushwa ukanda wa ngozi laini ili isikauke wala isimdhuru mwenyewe. Chembe pia kiliwekwa alama ya mwenyewe. Alama hiyo haikuwa pambo. Mnyama wa sumu huweza kuangukia mbali, na watu wa kijiji kingine wakamkuta kwanza. Chembe kilichobaki mwilini ndicho kilichosema nyama na pembe ni za nani. Kwa maneno mengine, mshale uliochomoka ulihitaji sheria ya jirani na jirani, na sheria hiyo iliandikwa kwenye chuma.

Elimu ya sumu

Sumu iliyoenea zaidi katika Afrika Mashariki hutoka kwenye msunguti. Mashina na mizizi hukatwakatwa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yawe uji mweusi mzito kama lami. Mimea ya jamii ya Strophanthus na mdagu wa jangwani aina ya Adenium hutumika pia. Wahadzabe hutumia yote miwili. Sumu hizi zote huushika moyo. Nguvu yake hupungua ikikauka au ikikaa muda mrefu, na kwa hiyo mwindaji aliijaribu kabla ya safari. Njia moja iliyojulikana ilikuwa kuacha damu kidogo itiririke mkononi, kisha kuigusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mchirizi na kutazama damu inavyobadilika rangi kuelekea juu. Aliyechelewa kuifuta kabla haijafika kwenye jeraha hakuwa na nafasi ya kujifunza mara ya pili.

Nyama ya mnyama aliyeuawa hivyo huliwa. Sumu ya msunguti hufyonzwa kidogo sana na tumbo la binadamu, na nyama iliyo karibu na jeraha hukatwa na kutupwa. Wazungu wengi waliona ajabu katika hili, lakini wataalamu wao waliichukua elimu hiyo mapema. John Kirk, aliyekuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi (1858–1864) na baadaye balozi wa Uingereza Zanzibar, alitambua athari ya Strophanthus kwa moyo baada ya mswaki wake kuchafuliwa na sumu hiyo na mapigo ya moyo wake kupungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza na kutoa strofantini. Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga uabaini, sumu ya msunguti, na mwaka 1906 Albert Fraenkel alianza kuwadunga wagonjwa wa moyo strofantini katika mji wa Strasbourg. Miaka hiyo hiyo, ilipokuwa dawa hospitalini, ilikuwa ikielekea kuwa kosa porini.

Sheria na mshale

Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alitoa amri ya uwindaji mwaka 1896. Iliweka leseni na kutenga hifadhi za kwanza za koloni. Mkutano wa London wa mwaka 1900 ulitaka kukomeshwa kwa nyavu na mashimo. Mkataba wa London wa mwaka 1933 ulikwenda mbali zaidi, ukataja sumu na silaha zenye sumu miongoni mwa njia zisizokubalika, pamoja na mitego, nyavu na mashimo. Sababu iliyotolewa kwa kawaida ilikuwa ukatili na uharibifu: mnyama wa sumu hufa kwa maumivu, na wengi hupotea.

Shutuma hiyo si ya uongo kabisa. Sumu iliyochakaa humwacha mnyama akiteseka, na wawindaji wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana waliijaribu. Lakini anayelinganisha lazima alinganishe na kilichobaki. Mwaka 1925 Wamarekani Saxton Pope na Arthur Young, wakiwa na mwandishi Stewart Edward White, walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa upinde. Vyembe vyao vilikuwa vya chuma, vipana, vilivyokazwa, bila sumu. Pope alikuwa daktari wa upasuaji, naye aliijua kazi ya chembe kinachokata kuliko watu wengi wa zama zake. Upinde alifundishwa na Ishi, Mhindi Mwekundu wa kabila la Yahi. Hata hivyo, White alisimama kando akiwa na bunduki. Bunduki hiyo ndiyo hoja. Mwenye leseni angeweza kuchagua chembe kilichokazwa kwa sababu kosa lake lilikuwa na wa kulisahihisha. Mwanakijiji wa Kilosa hakuwa na bunduki hiyo. Sumu ndiyo iliyokuwa mahali pake.

Kwa hiyo marufuku ya sumu haikumrudisha mwindaji kwenye chembe kipana kama njia safi zaidi. Chembe kipana katika upinde wa kawaida, kwa mnyama mkubwa, hujeruhi kuliko kuua. Kilichobaki kwake, mbali na kuvunja sheria kwa siri, kilikuwa kuacha wanyama wakubwa au kutega. Tanzi la waya halihitaji shabaha, mhunzi wala msunguti, na mwenye kulitega huweza kuwa amelala nyumbani. Halichagui dume na jike, wala haliachi alama ya mwenyewe. Helge Kjekshus (1977) ameonyesha jinsi ukoloni ulivyowanyima watu wa Tanganyika mamlaka juu ya mazingira yao, pamoja na wanyama. Katika suala la mshale upotevu huo una sura ndogo lakini dhahiri: ujuzi uliomfunga mwindaji kwa mnyama mmoja aliyemwona ulianza kukosa nafasi, na zana isiyoona ikapata nafasi.

Mikumi

Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, ikipita Kilosa, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na jirani zake yakaleta vibarua kutoka mbali. Mbuga ya Mkata ilibaki pembeni kwa miaka mingi. Hali ilibadilika katika miaka ya 1950, barabara ya Morogoro hadi Iringa ilipokatiza mbuga hiyo na kuwafikisha wawindaji wa magari na bunduki kwenye makundi ya nyati na tembo. Tawi la reli kutoka Kilosa lilifika Mikumi mwaka 1960. Mwaka 1964 Mikumi ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1975 mipaka yake ikapanuliwa.

Inafaa kuukumbuka mfuatano huo. Tishio lililoharakisha hifadhi lilikuja na barabara na risasi, wala halikuja na podo. Lakini mipaka ilipowekwa, haikumbagua aliyeingia kwa bunduki na aliyeingia kwa upinde. Upande wa Kenya, kampeni ya Tsavo ya miaka ya 1956–1957 ilikuwa imeshawafunga wawindaji wengi wa Kiwaata, ambao pinde zao zilivutwa kwa nguvu inayozidi ratili 100 na ambao, kwa chembe kinachochomoka, waliangusha tembo. Baadaye, mwaka 1960, mpango wa Galana ulijaribu kuwapa uwindaji halali, lakini haukudumu. Kilosa haikupata hata jaribio la namna hiyo. Kwa Mvidunda anayeishi juu ya Kidodi au Mkaguru wa kaskazini, mshale wa kufukuza ngedere shambani na mshale wa msunguti, vikivuka mpaka wa hifadhi bila kibali, ni silaha moja mbele ya hakimu.