Unyevuanga: mlango ulioliwa pasipo kunyeshewa

Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na milango miwili ya chuma iliyofungwa wiki moja na kupakwa rangi ya kopo moja. Wa kwanza ni geti la barabarani, lisilo na paa, linalopigwa na masika yote kuanzia Machi hadi Mei. Wa pili ni mlango wa banda la gari, uliojificha chini ya upenu mpana ambako tone la mvua halifiki. Baada ya miaka minne geti lilikuwa na madoa mawili matatu ya kutu. Mlango wa banda ulikuwa umelika kwa chini hata ungeweza kupitisha kidole.

Nilimwita mzee mmoja fundi wa kuchomelea, nikamwonyesha, nikalalamika kwamba hapa mvua haifiki. Akapitisha kiganja juu ya bati, akaonja ncha ya kidole. "Mwanangu," akasema, "lile geti linaoshwa na mvua. Huu nani anauosha?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria neno ambalo wengi wetu tunalikuta kwenye vitabu vya jiografia tu na kuliacha humo: unyevuanga. Tukiwa nyumbani tunasema "unyevu" na tunadhani tumemaliza. Lakini neno unyevu lina mvua ndani yake. Ni jamaa wa kunya na kunyesha, na anayelitamka huinua macho kutazama paa linavuja wapi. Ndivyo nilivyofanya mimi. Nilitafuta maji yanayodondoka, nisiyaone, nikaamua kwamba mlango wangu u salama.

Unyevuanga ni unyevu wa anga, uliobanwa kuwa neno moja kama mwana wa anga alivyokuwa mwanaanga. Unataja maji yaliyomo hewani kabla hayajawa tone, wakati ambapo jicho haliyaoni. Mwili unayajua. Watu wa pwani tuna neno fukuto kwa ile saa ambapo jasho linatoka lakini halikauki, na fukuto ni unyevuanga unaopimwa kwa ngozi. Watangazaji wa hali ya hewa husema "unyevunyevu", na wanaeleweka, ila mimi silipendi neno hilo kwa kazi hii. Lugha yetu ikirudia neno namna hiyo mara nyingi inalipunguza makali: kitu cheupe-cheupe hakijawa cheupe barabara. Hewa ya Tanga alfajiri ya Aprili haina upungufu wowote.

Unyevuanga hupimwa kwa asilimia, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu asilimia hiyo inategemea joto. Hewa yenye nyuzi joto 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikiwa imebeba 23, tunasema unyevuanga ni kama asilimia 76. Sasa ipooze hewa hiyohiyo hadi nyuzi 25 bila kuongeza hata tone. Uwezo wake umeshuka hadi gramu 23, kwa hiyo imejaa pomoni: asilimia 100. Ikipoa zaidi kidogo, maji yanatoka na kukaa juu ya kitu chochote kilicho baridi, na bati ndilo la kwanza kupoa usiku. Mafundi husema bati linatoa jasho. Neno lake la zamani ni umande, ambalo mabaharia wetu walilitumia hata kwa upepo wa bara unaovuma alfajiri.

Kwa hiyo tuna maneno matatu, na kila moja lina mahali pake. Unyevuanga uko hewani. Umande uko juu ya kitu. Unyevu umeingia ndani ya kitu. Anayechagua mlango pwani akiyachanganya atanunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Turudi kwenye geti langu, maana linaonekana kupinga hesabu. Lenyewe hupata umande mwingi kuliko mlango wa banda, kwa kuwa liko wazi chini ya mbingu. Hupata na mvua. Mbona limepona? Kwa sababu saa tatu asubuhi jua limeshalikausha, na kila mvua inapopita huondoka na chumvi. Upepo wa bahari hubeba vumbi la chumvi na kulibandika kila mahali. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe hewani unyevuanga unapofika kama asilimia 75, na chumvi nyingine zilizomo katika maji ya bahari hufanya hivyo hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo. Kila mwenye jiko pwani amewahi kuliona hilo katika kikombe cha chumvi kilichosahauliwa bila kifuniko. Chini ya upenu, kwenye kivuli, mlango wangu ulikuwa umevaa utando mwembamba wa maji ya chumvi mchana na usiku, miaka minne. Huo hauhitaji mvua wala umande. Unyevuanga peke yake unatosha.

Bati lenyewe lilikuwa na zinki, ndiyo. Dukani huitwa bati la galvanaizi, kwa jina la Luigi Galvani wa Bologna, aliyechapisha mwaka 1791 majaribio yake ya umeme na miguu ya vyura. Hakuchovya bati hata moja. Hati ya ubunifu wa kuchovya chuma katika zinki ilichukuliwa Ufaransa na Stanislas Sorel mwaka 1837. Sioni sababu ya Kiswahili kumbeba Galvani katika jambo hili. "Kuchovya zinki" kunamwambia mnunuzi kilichotendeka: chuma kimezamishwa katika zinki iliyoyeyuka, yenye nyuzi joto kama 450, na kutoka na ngozi mpya. Ngozi hiyo hufanya kazi ya kafara, kwani ikikwaruzwa, zinki ndiyo huliwa kwanza na chuma hubaki. Lakini kafara huisha. Bati lenye alama Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, yaani unene wa milimita 0.02 hivi kila upande. Na mahali palipochomelewa zinki imeungua, kwa maana huchemka kwa nyuzi 907 na moto wa kuchomelea unapita hapo mbali sana. Nilipouchunguza mlango wangu tena, kutu ilikuwa imeanzia kwenye viungo vilevile. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya jeraha. Ilipasa viungo visuguliwe hadi ving'ae, vipakwe rangi yenye zinki nyingi, ndipo ije rangi ya juu.

Majirani walinishauri mlango mpya uwe wa mbao. Shauri zuri, na mninga ni mti uliotulia, hauvimbi sana wala kusinyaa sana. Ila katika mbao kinachotawala ni unyevu, yaani maji yaliyo ndani ya ubao, ambayo hupanda na kushuka yakiifuata hewa. Hewa ya asilimia 60, kama ya nchi kavu ya bara wakati wa kiangazi, huuacha ubao na unyevu wa kama 11 kwa mia ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 80 huupandisha karibu na 16. Kwa msonobari, tofauti hiyo yaweza kuongeza upana wa ubao wa sentimita 15 kwa karibu milimita 2. Panga mbao 16 kama hizo kwa mlango wa mita 2.4, na mlango unadai nafasi ya sentimita 3 ambayo fundi hakuiacha. Ndiyo maana milango iliyofunguka vizuri Februari hugoma Mei, na watu huiparura kwa randa. Kiangazi kikirudi wanabaki na ufa. Mbao zapaswa kukaa wiki kadhaa palepale zitakapofungwa kabla ya kukatwa, na vanishi ipite nyuso zote sita, hasa ncha za juu na chini, maana ubao hunywa maji kwa kasi kubwa zaidi kupitia nchani. Mafundi wengi huipaka ile sehemu inayoonekana tu.

Shata la kuviringisha lilinivutia, kwa vile halichukui nafasi. Nililikataa kwa sababu moja: likikunjwa, chumvi na maji hulala katikati ya mikunjo, na huwezi kuiosha. Na springi yake ya chuma hukaa juu, gizani, mahali ambapo hakuna anayetazama hadi siku inapokatika.

Nikachagua alumini, mlango wa pande mbili unaofunguka nje, usio na springi wala reli. Alumini hujifunika utando wake yenyewe na haina haja ya kafara. Hatari yake ni ujirani. Ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, metali hizo mbili huwa kama betri, na anayeliwa safari hii ni alumini. Hivyo bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, lenye molibdeni kwa ajili ya bahari, na kila zinapogusana na alumini pawe na washa ya plastiki. Niliomba pia matundu ya hewa kwenye kuta mbili zinazotazamana, moja chini na moja juu. Gari lililoingia likichuruzika maji katika banda lililozibwa hupandisha unyevuanga usiku kucha, na hapo hata mlango mzuri unawekwa katika chungu.

Tulikaa barazani na yule mzee kuandika oda. Nikaandika vipimo, daraja la skrubu, nafasi ya sentimita mbili chini ya mlango, sakafu iinamie nje. Mstari wa juu kabisa niliandika: "Mlango wa kustahimili unyevuanga na chumvi." Akasoma polepole, kidole chini ya neno.

"Unyevuanga," akasema. "Hili ni fukuto la bati."

Akachukua kalamu, akaongeza mstari wake mwenyewe mwishoni: kuoshwa kwa maji baridi kila Jumamosi, hata kama hapajachafuka.