Usaili wa Kuingia Chuoni Ulianza Kama Kizuizi

Wanaotetea usaili wa kuingia chuoni husema kwamba mtihani unaonyesha kijana amejifunza nini, ilhali mazungumzo ya ana kwa ana yanaonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Hoja hiyo ina umri wa karne moja sasa, na inafaa kuulizwa ilianzia wapi. Vyuo vikubwa vya Marekani vilivyoikumbatia mapema havikuhangaishwa na vipaji ambavyo mtihani ulishindwa kuviona. Vilihangaishwa na vijana ambao mtihani ulikuwa ukiwapitisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20, aliyefaulu mtihani wa kuingia Harvard aliingia. Utaratibu huo ukawafaa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki: mwaka 1900 Wayahudi walikuwa takribani asilimia 7 ya wanaoanza masomo, na kufikia 1922 walizidi asilimia 21. Rais wa chuo, Abbott Lawrence Lowell, akapendekeza wasizidi asilimia 15. Maprofesa waliopewa kazi ya kulichunguza jambo hilo walikataa kuweka kiwango cha wazi, lakini Lowell akaendelea kwa njia nyingine. Fomu ya maombi ilikwisha kuanza kumuuliza kijana rangi yake, dini yake, jina la ukoo wa mama yake, hata kama baba yake aliwahi kubadili jina. Mwaka 1926 idadi ya wanaoanza ikawekewa ukomo wa 1,000, na “tabia” ikawa kigezo rasmi, ikitafutwa katika picha, barua za walimu na mazungumzo na mwombaji. Columbia ilikuwa imetangulia katika njia hiyo, na Dartmouth ilikuwa imeanza kuwatumia wahitimu wake kuwasaili waombaji. Baada ya miaka michache sehemu ya Wayahudi Harvard ilirudi karibu na kiwango alichokitaka Lowell, bila kanuni yoyote iliyoandikwa kuwataja.

Mtu anaweza kusema hiyo ni dhambi ya waliotumia chombo, chombo chenyewe hakina kosa. Basi tukipime pale kilipotumiwa kwa nia njema. Mwaka 1979 Bunge la Texas liliagiza shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Houston iongeze wanafunzi wapya kutoka 150 hadi 200, wakati uteuzi ulikwisha kufanyika. Waliobaki bila nafasi walikuwa mkiani mwa orodha ya takribani waombaji 800 waliosailiwa, na wengi wao walikuwa wamekataliwa pia na shule nyingine. Shule ikawachukua 50. Kilichowatenganisha na wenzao, kwa sehemu kubwa, kilikuwa maoni ya wasaili. Watafiti waliwafuatilia wote hadi mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu, wakachapisha matokeo mwaka 1987: hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliopendwa na waliokataliwa. Ni kweli kwamba wote hao walikuwa wamechujwa kwanza kwa vyeti vyao. Lakini ndivyo usaili unavyotumika karibu kila mahali, kuchagua miongoni mwa waliokwisha kufuzu, na hapo haukuongeza kitu.

Ipo hoja nzito zaidi ya kuutetea usaili. Katika kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard mwaka 2014, takwimu zilionyesha kwamba maofisa wa udahili, ambao kwa kawaida hawakutani na mwombaji, waliwapa Wamarekani wenye asili ya Asia alama za haiba za chini kuliko Wazungu, ilhali wahitimu waliowasaili waliwapa alama zilizokaribiana na za Wazungu. Jaji wa kwanza hakuona ubaguzi wa makusudi. Hata hivyo nakubali funzo lake: kukaa na mtu kunaweza kumtendea haki kuliko kumsoma kwenye faili. Ubovu uko katika swali lisilo na mipaka. Anayeambiwa apime “haiba” hupima alichozoea kukiona nyumbani kwake, awe amekutana na mwombaji au hajakutana naye.

Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilifuata njia ya kuliwekea swali mipaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwombaji wa udaktari hupita vituo kadhaa vya dakika chache. Kila kituo kina tatizo lake na msaili wake, na waombaji wote hukutana na matatizo yale yale. Msaili mmoja akimchukia, anaharibu sehemu ndogo tu ya alama. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba alama hizo zinatabiri kwa kiasi fulani utendaji wa mwanafunzi wodini, jambo ambalo mazungumzo ya kawaida yalishindwa. Oxford nayo, pale inapofanya vizuri zaidi, humpa mwombaji tatizo la somo lake alitatue mbele ya mwalimu.

Watasema vituo ni ghali, na ni kweli, vinahitaji watu na vyumba vingi. Chuo kisichovimudu kina njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1970, kwa miongo kadhaa, Uholanzi iligawa nafasi za udaktari kwa kura iliyowapa nafasi kubwa zaidi wenye alama za juu. Aliyekosa katika kura hiyo aliumia, lakini hakuna aliyemwambia kwamba utu wake una kasoro.